Hisa za mitandao ya hifadhi ya data: pa kulipa na pa kuacha

Ukitafuta leo kampuni inayoishi kwa kutengeneza vifaa vya kuunganisha seva na hifadhi za data, na hivyo tu, sokoni huipati kirahisi. Zilimezwa. Brocade iliingia Nasdaq Mei 1999 kwa dola 19 kwa hisa, ikainunua mpinzani wake McDATA Januari 2007, na Novemba 2017 Broadcom ikaichukua kwa dola 12.75 taslimu. Emulex ilichukuliwa na Avago mwaka 2015 kwa dola 8. QLogic ilinunuliwa na Cavium, na Cavium nayo ikanunuliwa na Marvell.

Usizilinganishe hizo 19 na 12.75 za Brocade hivihivi, maana hisa yake iligawanywa zaidi ya mara moja hapo katikati. Halafu kuna kasoro kubwa zaidi: tovuti za bure za bei huonyesha hasa kampuni zilizobaki, kwa hiyo anayezitegemea peke yake huiona sekta ikiwa nzuri kuliko ilivyokuwa. Taarifa za zilizotoweka bado zipo EDGAR, hazina ya mdhibiti wa masoko wa Marekani, bila malipo. Mashine ya Bloomberg hugharimu zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka. Hiyo waachie mameneja wa mifuko. Na wale wanaouza “madokezo” ya hisa kwenye makundi ya simu, usiwape hata shilingi. Soma ripoti ya robo mwaka ya kampuni yenyewe.

Machaguo yaliyopo hayafanani. Broadcom inamiliki swichi za Brocade, lakini ukinunua hisa yake unanunua hasa chipu za akili mnemba na programu za VMware. Cisco nayo ina swichi za hifadhi, ila ni sehemu ndogo ya biashara yake. NetApp na Pure Storage, iliyoorodheshwa New York Oktoba 2015 kwa dola 17, ziko karibu zaidi na hifadhi yenyewe, japo mtandao wa kuiunganisha si kiini cha mapato yao.

Cisco inafundisha subira. Machi 2000 ilifika takriban dola 80, na ikachukua robo karne kurudi hapo. Ila tangu 2011 imelipa gawio, na chati ya bei peke yake haihesabu fedha hizo.

Sasa gharama. Tangu Oktoba 2019 madalali wakubwa wa Marekani hawatozi kamisheni kwa hisa za kawaida. Kwa mnunuzi wa Nairobi au Dar es Salaam, maumivu yako kwenye kubadilisha na kutuma fedha: benki ikikutoza dola 30 kutuma 1,000, asilimia 3 imekwenda kabla hujanunua kitu. Gawio nalo hukatwa asilimia 30, kwa kuwa Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi na Marekani. Gawio la dola 40 linakufikia likiwa 28.

Kwa mwenye dola 1,000, mimi ningechagua mfuko wa VGT wa Vanguard, wenye Broadcom, Cisco na NetApp ndani yake. Ada yake ni kama dola 1 kwa mwaka kwa kiasi hicho. Na ningetuma fedha mara moja, si vipande kumi.