Fahamu: Jirani mbaya anavyomchelewesha ndege kutaga
Kwenye nyasi za Kitulo, Mbeya, na vilima vya Mufindi, Iringa, yuko ndege mdogo asiyejificha, Saxicola torquatus. Dume ana kichwa cheusi na kifua chenye rangi ya kutu. Hutua kwenye ncha ya kijiti na kulia kama vijiwe viwili vikigonganishwa.

Jirani yake wa kuogopwa ni mbwigu, anayekamata makinda na kutundika mawindo kwenye miiba.

Mwaka 2001, Alexander Scheuerlein na wenzake walichapisha utafiti kuhusu ndege hao Afrika Mashariki. Walioishi karibu na mbwigu walikuwa na homoni ya kotikosteroni nyingi zaidi katika damu, miili dhaifu, na walichelewa kutaga tena. Inasikitisha: kuwapo tu kwa adui kulitosha kuwadhoofisha.

Homoni hiyo si sumu. Humpa ndege nguvu ya kukimbia hatari. Balaa ni ikidumu juu, kwani nguvu ya kulea huishia kwenye tahadhari. Alaska nako, samaki walipoadimika, homoni hiyo ilipanda kwa ndege wa baharini, na wenye kiwango kikubwa walikuwa na uwezekano mdogo wa kurudi msimu uliofuata.