Dai la chanjo likifutwa mahakamani, nini hasa kimeamuliwa?

Kila hukumu ya namna hii inapotoka Marekani, maswali yanamiminika. Mtu alidai kwamba chanjo ilimdhuru, akafungua shauri, kisha mahakama ikalifuta kwa sababu hakutekeleza amri zake: hakuleta faili la hospitali, hakujibu barua, muda aliopewa ukapita kimya. Wasomaji wanaonitumia habari hizi wako makundi mawili. La kwanza linasema mahakama imewaficha watengenezaji wa chanjo. La pili linasema, haya, sasa imethibitishwa kwamba chanjo haina madhara. Makundi yote mawili yamekosea, kwa kosa lilelile: yanaisoma hukumu ya utaratibu kana kwamba ni majibu ya maabara.

Marekani ina mahali pa pekee pa kusikiliza madai haya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazazi wengi waliwashtaki watengenezaji wa chanjo ya kifaduro, pepopunda na dondakoo wakidai imeharibu ubongo wa watoto wao. Kampuni zikaanza kujitoa, bei ikapanda, dozi zikaadimika. Bunge likatunga sheria mwaka 1986, na Oktoba 1988 mpango wa taifa wa fidia ukaanza kazi. Kila dozi inatozwa kodi ya senti 75 za dola kwa kila ugonjwa inaoukinga, hivyo chanjo moja ya surua, matumbwitumbwi na rubela inachangia dola 2.25. Fedha hizo zinaingia kwenye mfuko, na mfuko ndio unaolipa fidia. Anayedaiwa ni waziri wa afya, kampuni haimo. Wanaoamua ni mahakimu maalumu walio chini ya Mahakama ya Madai ya Serikali Kuu, Washington. Mdai hatakiwi kuonyesha kwamba kuna aliyezembea. Wakili wake hulipwa na mfuko hata akishindwa, mradi dai lilikuwa la nia njema na lenye msingi, na haruhusiwi kumtoza mteja chochote juu ya malipo hayo.

Tangu uanze, mpango huo umelipa zaidi ya dola bilioni 5. Kwa hiyo anayewaambia watu kwamba Marekani inakataa katakata kuwa chanjo inaweza kumdhuru mtu anasema asilolijua. Madhara mabaya yapo, yanajulikana kwa majina, na yanafidiwa. Ni machache mno: kwa hesabu za serikali ya Marekani, anayefidiwa ni takriban mtu 1 kwa kila dozi milioni 1 zilizosambazwa. Tena takriban asilimia 60 ya fidia hizo zinatokana na maelewano ya pande mbili, bila serikali kuamua kwamba chanjo ndiyo chanzo. Wapiga kelele wa mitandaoni huichukua jumla ya fedha na kuiita ushahidi wa sumu. Hilo silo linaloonyeshwa na jumla hiyo.

Sasa, kufutwa. Sheria ile ya 1986 inamtaka mdai alete pamoja na dai lake hati ya kiapo na rekodi za matibabu: cheti cha chanjo, maandishi ya madaktari ya kabla na baada ya kuugua, na kwa mtoto, hata rekodi za ujauzito wa mama na za kujifungua. Sheria hiyohiyo inamkataza hakimu kutoa fidia kwa maneno ya mdai peke yake. Lazima kuwe na faili la matibabu au maoni ya daktari yanayoyaunga mkono. Asipoleta, anaamriwa alete kufikia tarehe fulani. Akiomba muda, kwa kawaida anaongezewa. Akinyamaza, inatoka amri ya kujieleza kwa nini shauri lisifutwe, ikiwa na onyo la wazi. Akinyamaza tena, Kanuni ya 21 ya kanuni za mahakama za madai ya chanjo inamruhusu hakimu kulifuta kwa kutoendelezwa. Mdai ana siku 30 za kuomba jaji alipitie upya.

Mara nyingi kimya hicho huanza baada ya wakili kujitoa, na hujitoa akishaona kwamba karatasi zilizopo haziwezi kulibeba dai. Anayebaki peke yake ni mgonjwa, au mama anayemuuguza mtoto mwenye ulemavu, akitakiwa kukusanya faili za kliniki na hospitali kadhaa. Nawahurumia watu hawa kwa dhati. Huenda miongoni mwao wamo walioumizwa kweli na sindano, na huenda wamo ambao ugonjwa wao hauhusiani nayo hata kidogo. Hukumu ya kufuta haiwatenganishi. Haikupima chochote.

Kwa nini basi faili liwe na uzito kuliko kumbukumbu ya mgonjwa mwenyewe? Kwa sababu mwilini kila dhara linaloweza kuletwa na chanjo lina saa yake, na saa hiyo haiongopi. Mpango wa Marekani una jedwali la madhara lenye muda wa kila moja. Mzio mkali unaoangusha mtu: ndani ya saa 4. Jeraha la bega: ndani ya saa 48. Ugonjwa wa Guillain-Barré baada ya chanjo ya homa ya mafua: kati ya siku 3 na 42. Utumbo kujiingiza ndani ya utumbo baada ya chanjo ya rota: siku 1 hadi 21. Mwenye dalili zilizoangukia ndani ya muda huo hukisiwa kuwa ameumizwa na chanjo, na ni juu ya serikali kuonyesha chanzo kingine.

Chukua mzio. Kingamwili za aina ya IgE zilikuwa zimeshanasa kwenye seli za ngozi na za njia ya hewa kabla sindano haijachomwa. Zinachosubiri ni kuguswa tu; zikiguswa, seli zinamwaga histamini palepale, na mgonjwa anaishiwa pumzi ndani ya dakika chache. Bega nalo lina sababu yake: sindano iliyochomwa juu mno hukosa msuli na kuingia kwenye kifuko cha ute kilicho chini yake, uvimbe ukaanza haraka. Hapo la kulaumiwa ni mkono wa mchomaji, na chanjo yoyote ikichomwa hapo inaweza kuleta shida hiyo.

Guillain-Barré ni habari nyingine, na ndiyo inayonivutia kuliko zote. Mishipa ya fahamu imevikwa ala ya mafuta, kama waya wa umeme ulivyovikwa plastiki. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili huishambulia ala hiyo au mshipa wenyewe, miguu inaanza kufa ganzi na kulegea, na udhaifu unapanda juu. Ukifika kwenye misuli ya kupumua, mgonjwa anahitaji mashine. Kichochezi kinachojulikana zaidi ni bakteria wa kuhara aitwaye Campylobacter jejuni. Ganda lake lina sukari zinazofanana mno na sukari zilizopo juu ya mishipa yetu. Mwili unapotengeneza kingamwili za kumwinda bakteria, baadhi zinanasa kwenye mshipa.

Lakini tazama hatua zinazohitajika kabla ya hapo. Seli zinazookota kitu kigeni lazima zikipeleke kwenye tezi. Huko lazima zipatikane seli chache za kinga, aina ya B, zinazokitambua. Seli hizo zigawanyike tena na tena, ziruhusiwe na seli nyingine za kinga, aina ya T, zinoe makali ya kingamwili zao, ndipo zianze kuzimwaga kwenye damu kwa wingi wa kutosha. Kisha kingamwili ziufikie mshipa, ziite protini za damu zinazotoboa seli, na seli walaji zije kuchuna ala. Kazi hii haiishi kwa saa 2. Aliyelegea miguu jioni ya siku ya chanjo ana ugonjwa ulioanza kabla ya chanjo, na aliyelegea baada ya miezi 8 ana kichochezi kingine. Hata walio ndani ya muda hatari yao ni ndogo: chanjo ya mwaka 1976 dhidi ya homa ya nguruwe, iliyotolewa kwa Wamarekani wapatao milioni 45, ilileta takriban mgonjwa 1 wa ziada kwa kila watu 100,000; kwa chanjo za kila msimu, ongezeko likionekana, huwa ni mgonjwa 1 au 2 kwa kila dozi milioni 1. Homa ya mafua yenyewe inaiongeza hatari hiyo zaidi ya chanjo yake.

Kwa hiyo tofauti ya siku ya 2 na siku ya 10 ndiyo kesi yenyewe, na anayeijua kwa uhakika ni daktari aliyeiandika siku ileile. Wanafamilia wanaokumbuka baada ya miaka miwili hawadanganyi. Kumbukumbu ya binadamu huvuta matukio mawili ya kutisha yakae karibu.

Faili huonyesha pia yaliyokuwepo kabla. Mwaka 2006, watafiti wa Australia wakiongozwa na Samuel Berkovic waliwachunguza wagonjwa 14 walioaminika kuharibiwa ubongo na chanjo ya kifaduro. Kumi na mmoja kati yao walikutwa na hitilafu kwenye jeni la SCN1A. Jeni hilo hutengeneza mlango wa sodiamu ambao seli za kutuliza ubongo hutegemea ili zifanye kazi. Mlango ukiwa mbovu, watulizaji wanazimia, na joto la homa linazidisha hali. Degedege la kwanza hutokea katika mwaka wa kwanza wa maisha, umri uleule ambao mtoto yuko kwenye ratiba ya chanjo. Homa ya sindano inaweza kuliwasha siku hiyo. Homa ya kikohozi au ya malaria ingeliwasha siku nyingine. Wazazi walikuwa sahihi kuhusu walichokiona. Sababu yake ilikuwa kwenye jeni tangu tumboni.

Na hapa siwezi kuuacha uongo kwamba chanjo huleta usonji, kwa kuwa bado ninaletewa. Zaidi ya madai 5,000 ya usonji yalifika kwenye mpango huu. Yakachaguliwa machache ya kupimia hoja, mashahidi wataalamu wakasikilizwa kwa kina, na hukumu zikatolewa Februari 2009 na Machi 2010: hoja zote zilishindwa, kwa ushahidi. Huo ulikuwa uamuzi juu ya ushahidi wa kisayansi. Baada yake wadai waliobaki walitakiwa kusema kama wanaendelea, na wengi waliokaa kimya mashauri yao yalifutwa. Leo wapotoshaji huonyesha yaliyofutwa kwa kimya na kuyaruka yale yaliyosikilizwa. Andrew Wakefield, aliyeuanzisha moto huu Uingereza mwaka 1998 kwa makala ya watoto 12, alikuwa akilipwa na mawakili walioandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo. Jarida la Lancet liliifuta makala hiyo Februari 2010, naye akafutwa kwenye daftari la madaktari Mei mwaka huohuo.

Wabaya kuliko wote kwangu ni wanaouza dawa za kutoa sumu ya chanjo. Chanjo ya surua ni virusi vilivyodhoofishwa, na mwili unavimaliza wenyewe. Kinachobaki ni kumbukumbu ya kinga, na hiyo haitolewi kwa udongo wa kuogea wala majani ya kuchemsha. Wanachokitoa ni fedha za mzazi aliyekata tamaa, na wanamchelewesha mtoto mwenye degedege kufika hospitali.

Suala hili si la Wamarekani peke yao. Chanjo za COVID-19 zilizokuja kwetu kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo, zilikuwa na utaratibu wa fidia kwa nchi 92, Kenya na Tanzania zikiwemo, uliogharamiwa kwa tozo ndogo kwenye kila dozi. Nao ulitaka fomu ya ushahidi iliyojazwa na mhudumu wa afya aliyesajiliwa. Bila karatasi, hakuna dai.

Basi ukisoma kwamba dai limefutwa, uliza kwanza kama lilifutwa kwa ushahidi au kwa utaratibu. Tunza kadi ya kliniki na vyeti vya chanjo. Mchanjwaji asubiri kituoni kidogo baada ya sindano, maana mzio mkali huja upesi. Dalili ya kutisha ikitokea, nenda kituoni siku hiyohiyo na uhakikishe tarehe, saa na jina la chanjo vimeandikwa. Mwombe muuguzi atume taarifa: nchini Tanzania hupokelewa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, nchini Kenya na Bodi ya Famasia na Sumu. Kisha mrudishe mtoto kliniki kwa dozi inayofuata, isipokuwa daktari amekuambia vinginevyo.