Mstari Mweusi Kwenye Cheti

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, steshenari za Manundu mjini Korogwe na za Chanika, Handeni, hujaa vijana wenye bahasha mkononi. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili, fomu za mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, zinasubiri viambatanisho, na vyote hivyo lazima viskaniwe. Skana ikianza kuchora mstari mweusi kutoka juu hadi chini ya kila ukurasa, kazi inasimama na foleni inarefuka.

Wengi hapo hukimbilia kompyuta. Draiva inafutwa, inawekwa upya, mashine inazimwa na kuwashwa, na mstari uko palepale. Kompyuta haina kosa.

Skana nyingi za ofisini zina njia mbili za kusoma karatasi. Kwenye kioo kipana, karatasi hulala huku taa na kihisi vikitembea chini yake. Kwenye trei ya juu, kihisi hutulia chini ya kioo chembamba, na karatasi ndiyo inayopita. Punje ya vumbi kwenye kioo kipana huacha nukta moja tu. Punje hiyohiyo ikikaa kwenye kioo chembamba, kihisi huiona tena na tena kadiri karatasi inavyosogea, na nukta inageuka mstari wa ukurasa mzima.

Kwa hiyo skani karatasi nyeupe tupu kwa njia zote mbili. Kioo kipana kikitoa picha safi na trei ikatoa mstari, inua mfuniko utafute ule ukanda mwembamba wa kioo. Mara nyingi uko kushoto. Kiangazi vumbi la barabarani huingia hadi humo, lakini adui mkubwa zaidi ni wino mweupe wa kufutia na gundi ya picha za pasipoti, maana hivyo hung'ang'ania. Zima mashine, chomoa umeme, kisha futa kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kilicholoweshwa kidogo kwa dawa ya kusafishia vioo. Dawa isipuliziwe moja kwa moja kwenye kioo, kwani hupenya pembeni na kuingia ndani. Hapohapo futa pia rola za mpira. Zikishika vumbi huteleza, na karatasi hukwama au huingia mbili kwa pamoja.

Maandishi yakififia sehemu moja tu, tazama cheti chenyewe. Vihisi vya skana nyingi nyembamba huona vizuri kilichogusana na kioo. Mkunjo ulioinuka milimita chache unatosha kuharibu herufi. Nyoosha cheti, kandamiza mfuniko.

Ikiwa kompyuta haiioni skana kabisa, na mashine ni ile yenye kopi na printa pamoja, toa kopi moja. Ikitoka vizuri, tatizo liko njiani: waya, draiva au mtandao. Skana ndogo inayotegemea umeme wa USB ichomekwe kwenye kompyuta moja kwa moja, si kwenye habu inayogawana umeme na vifaa vingine. Kwa zile za Wi-Fi, umeme ukikatika na kurudi, ruta huweza kuipa mashine anwani mpya huku kompyuta ikiitafuta ya zamani. Iwekewe anwani ya kudumu.

Ukubwa wa faili nao husumbua. Ukurasa wa A4 wa rangi kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa inchi, una nukta 2480 kwa 3508, kama megabaiti 26 kabla ya kubanwa. Kwa dpi 600 huwa mara nne. Kwa cheti, 200 hadi 300 inatosha.

Kubana kupita kiasi kuna hatari yake. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel aligundua kuwa baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu kwenye nyaraka, 6 ikitoka kama 8. Mbinu ya kubana iitwayo JBIG2 ilichukua maumbo yanayofanana na kuyafanya kuwa kitu kimoja, na Xerox ikalazimika kutoa marekebisho ya programu. Kabla PDF haijapakiwa, ifunguliwe kwenye skrini, ikuzwe, na namba ya mtihani, mwaka na tarehe ya kuzaliwa vilinganishwe na karatasi, tarakimu moja baada ya nyingine, mwenye cheti akiwa bado yuko dukani.