Mkuki Uliotoka Kenya Ukafika Jamaica

Juzi tulikuwa tukibishana kuhusu muziki, mkubwa mmoja akatupata, akasema eti rege ni kelele za wavuta bangi tu, haina historia wala faida kwa mwanafunzi. Nilinyamaza kwa sababu mtu hajibizani na mkubwa. Lakini jarida la chama ni uwanja wa wote, kwa hivyo ninamjibu hapa kwa heshima zote. Shahidi wangu ni mmoja tu: Burning Spear.

Jina hilo maana yake ni Mkuki Unaowaka. Wengi wetu tumelisikia kwenye matatu bila kujua kuwa limetoka hapa hapa kwetu! Ndilo jina la sifa alilopewa Mzee Jomo Kenyatta. Kijana wa Jamaica, Winston Rodney, alilipenda akalifanya jina lake la uimbaji.

Rodney alizaliwa St Ann's Bay, mji ulio pwani ya kaskazini ya Jamaica. Amesimulia mwenyewe jinsi alivyoanza. Alikutana na Bob Marley akielekea shambani na punda, ndoo, panga na miche. (Hebu fikiria, Bob Marley mwenyewe akiswaga punda!) Rodney akamwambia anataka kuingia kwenye muziki, Bob akamshauri aende Studio One, Kingston. Akaenda, na mwaka 1969 akarekodi huko wimbo wake wa kwanza.

Sasa tegeni masikio. Katika mji huo huo wa St Ann's Bay ndiko alikozaliwa Marcus Garvey mwaka 1887, yule aliyeanzisha chama cha UNIA mwaka 1914 na kuwahimiza watu weusi popote walipo wajivunie asili yao. Marekani ilimfunga, kisha ikamfukuza mwaka 1927. Alifia London mwaka 1940. Rodney aliona watu wa kwao wanamsahau, na hilo likamuuma. Mwaka 1975, pamoja na wenzake Rupert Willington na Delroy Hinds, akatoa albamu aliyoiita Marcus Garvey. Anaimba polepole, kama mtu anayeomba. Kampuni ya Island ilipoiuza ng'ambo iliichanganya upya ili iwapendeze watu wa huko. Spear hakufurahi hata kidogo, akaanzisha kampuni yake mwenyewe ya kutoa santuri.

Lililonishangaza zaidi ni hili. Gazeti la Garvey, Negro World, lilikuwa likifika Kenya. Mwanahistoria C.L.R. James aliandika kwamba Kenyatta alimsimulia jinsi mwaka 1921 wazalendo wasiojua kusoma walivyokuwa wakimzunguka msomaji, wakasomewa makala mara mbili tatu, halafu wakatimua mbio msituni, huyu huku na yule kule, kwenda kuwakaririra wenzao waliyoyasikia. Mnaona? Maneno ya mtu wa St Ann's Bay yalifika Kenya yakawatia watu wetu moyo. Baadaye jina la mkuki likatoka Kenya likafika St Ann's Bay, na mwenye kulibeba akamwimba Garvey. Kama hiyo si historia, basi sijui tunasoma nini siku ya Jumanne kipindi cha tatu.

Kuhusu bangi sitaficha. Marasta wengi huitumia kama sehemu ya imani yao. Hapa Kenya ni hatia, na mimi siigusi. Lakini jamani, nani humwaga sufuria nzima ya wali kwa sababu ya changarawe moja?

Spear alishinda tuzo ya Grammy mwaka 2000 kwa albamu ya Calling Rastafari, na tena mwaka 2009 kwa Jah Is Real. Ni sawa, lakini kwangu tuzo si kitu sana. Mimi nilimjua Garvey kupitia kanda ya baba kabla sijamwona katika kitabu chochote.

Kanda hiyo ningali nayo. Mwenye redio ya kaseti inayofanya kazi aje nayo siku ya chama tuisikilize. Na yule mkubwa pia amealikwa, kiti chake nitakipanguza mwenyewe.