Kabla ya Kusema Amebebwa

Neno "amebebwa" halilipiwi ushuru hapa soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Pambano la ngumi likiamuliwa kwa pointi Jumamosi usiku, Jumapili alfajiri, kabla boti za vibua hazijamaliza kushusha, neno hilo limeshafika kwa wapara samaki, kwa wakaangaji, kwa vijana wa mikokoteni na kwa abiria wanaosubiri pantoni ya Kigamboni. Mimi nipo meza za kupara. Mikono ina kisu na samaki, mdomo hauna kazi, na jirani yangu wa mezani ni Mtanga asiyekubali bondia wa kwao kuguswa. Utaacha kubishana?

Ubishi uliodumu kuliko yote mezani kwetu ni wa Hassan Mwakinyo wa Tanga na Arnel Tinampay wa Ufilipino. Walizichapa tarehe 29 Novemba 2019 Uwanja wa Uhuru, Temeke. Mwaka mmoja kabla, Septemba 2018, Mwakinyo alikuwa ameingia Birmingham bila kutarajiwa, akammaliza Sam Eggington raundi ya pili, akarudi nyumbani jina lake likitajwa hata na watu wasiowahi kulipa kiingilio cha ngumi. Kwa hiyo waliokwenda Uhuru wengi walikwenda kumtazama akimfanyia Mfilipino kama alivyomfanyia Mwingereza. Haikuwa hivyo. Raundi kumi zilikwisha Tinampay bado amesimama, ikabidi karatasi ziamue. Majaji wawili walimpa Mwakinyo, mmoja akaandika sare.

Soko likagawanyika. Waliomtetea Mfilipino walisema ndiye aliyekuwa akija mbele muda wote, huku mtu wetu akirudi kinyumenyume. Waliomtetea Mwakinyo wakasema kuja mbele si hoja, hata tela la mizigo huja mbele. Ngumi safi zilikuwa za Mtanga. Kisha likaja lile la kila siku: "Angekuwa anapigana kwao Ufilipino, wangempa nani?" Hapo ndipo mara nyingi ubishi unapogeuka kelele, na mteja anaondoka na changu wake nusu ameparwa, nusu ana magamba.

Tatizo la ubishi wetu ni kwamba tunabishania pambano zima, wakati jaji hajaulizwa habari ya pambano zima. Kila baada ya dakika tatu anaulizwa jambo moja tu: raundi hii ni ya nani? Anaandika, karatasi inachukuliwa, basi. Ni kama mnada wetu wa asubuhi. Kila fungu linanadiwa peke yake, na dalali akishaligonga fungu la kwanza kwa bei ya chini halirudi mezani eti kwa sababu fungu la mwisho lilikuwa na nguru wanono. Bondia akilala raundi tano za mwanzo, akaamka na kumchakaza mwenzake raundi nne za mwisho, sisi tutakwenda nyumbani na picha ya zile nne. Jaji amebaki na zile tano, kwa wino.

Hesabu yenyewe si ngumu, ila wachache huifanya. Mshindi wa raundi anapewa 10, aliyeshindwa 9. Akiangushwa mtu akahesabiwa, kwa kawaida yeye hupata 8. Jaji anaweza kutoa 10 kwa 10, lakini majaji wengi wanafundishwa kuikwepa na kutafuta mshindi hata kwa tofauti ndogo. Mwamuzi wa ulingoni naye anaweza kuamuru mtu akatwe pointi kwa rafu. Katika pambano la raundi kumi, ukishinda sita nami nikashinda nne, bila mtu kuanguka wala kukatwa, karatasi inasoma 96 kwa 94. Sasa tuseme katika zile nne zangu nilikuangusha mara moja raundi ya tatu na mara moja raundi ya saba. Pointi mbili zimekutoka: 94 kwa 94. Umeshinda raundi sita kwa nne na umetoka sare. Hakuna aliyekuibia.

Kuna lingine linalouma zaidi. Raundi ambayo nimekuzidi konde moja tu la sekunde ya mwisho ni 10 kwa 9. Raundi ambayo umenichapa mpaka mama yangu akafumba macho, lakini sikuanguka, mara nyingi nayo ni 10 kwa 9. Zinalingana. Kwa hiyo mtu anaweza kushinda raundi sita kwa upenyo wa sindano, akapoteza nne kwa kipigo cha kumpeleka hospitali, na bado ni mshindi halali. Macho ya mtazamaji hupima maumivu, ila karatasi haina safu ya maumivu. Ukilishika hili moja, nusu ya ugomvi wa vijiweni unakwisha, kuanzia huu wa Uhuru hadi ule wa pambano la Twaha Kiduku na Dullah Mbabe.

Jaji anaangalia nini? Vitabu vya ngumi vinataja mambo manne: makonde safi yanayofika, ushambuliaji wenye faida, kuutawala ulingo, na kujikinga. Mimi nasema la kwanza ni baba wa mengine. Kuja mbele huku unakula jebu usoni si ushambuliaji, ni kujitolea. Kukimbia na kuruka vizuri bila kurusha kitu nako si ufundi. Hapo ndipo mapambano ya karibu yanapozaa ugomvi wa haki kabisa, kwa sababu watu wawili wenye akili timamu wanaweza kuiona raundi ileile tofauti: mmoja anapenda anayemsukuma mwenzake kwenye kamba, mwingine anampenda anayegusa na kutoka. Kukiwa na raundi nne za namna hiyo ndani ya kumi, majaji watatu waaminifu wanaweza kuleta karatasi tatu zisizofanana.

Halafu kuna viti. Majaji hukaa pande tatu za ulingo, kila mmoja peke yake, hawasemezani, hawana marudio ya video wala mtangazaji. Bondia akimpa mgongo jaji mmoja na kupiga ngumi ya tumbo, jaji huyo ameona mgongo. Tarehe 13 Machi 1999, pale Madison Square Garden, New York, Lennox Lewis na Evander Holyfield walipewa sare iliyoutikisa ulimwengu wa ngumi, maana wengi waliona Lewis ameshinda waziwazi. Jaji Eugenia Williams alimpa Holyfield 115 kwa 113, na ndani yake akampa hata raundi ya tano, ambayo Lewis alimtandika sana Holyfield. Baadaye alipoonyeshwa raundi hiyo kwenye televisheni alisema kwa picha ile angempa Lewis, na kwamba wapiga picha walikuwa wamemziba. Pambano lilelile, Stanley Christodoulou wa Afrika Kusini alikuwa amempa Lewis 116 kwa 113. Sisi tunaotazama Azam TV kwenye kibanda tunaona karibu kuliko jaji, lakini pia tunasikia. Mtangazaji akipaza sauti kwamba konde limempata, nasi tumeshaliona limempata, hata kama liliishia kwenye gadi.

Mama anayetuuzia chai hapa sokoni aliwahi kutukata maneno. "Nyie kina kaka mnamwangalia mtu wenu tu. Mwenzake akipiga hamuoni, mnaona mtu wenu hajapiga." Tulicheka, lakini ndivyo ilivyo. Ngumi ya bondia unayempenda inasikika hata ikigonga bega. Zidisha hilo kwa uwanja mzima unaoshangilia, jaji akiwa katikati ya sauti hiyo, uone kwa nini anayepigana nyumbani anaanza na kitu kidogo mfukoni bila mtu yeyote kuhongwa.

Mabondia wajanja wanalijua. Aprili 1987, Las Vegas, Sugar Ray Leonard alirudi kutoka mapumziko marefu kupambana na Marvin Hagler. Sehemu kubwa ya raundi alizunguka, kisha zikikaribia kwisha akamwaga ngumi za harakaharaka, kengele ikilia watu wamesimama. Jaji mmoja alimpa Hagler 115 kwa 113, wa pili akampa Leonard 115 kwa 113, na wa tatu, Jo Jo Guerra, akampa Leonard 118 kwa 110, yaani raundi kumi kwa mbili. Karatasi mbili za kwanza naziheshimu zote mbili. Ya tatu ndiyo inayotufanya tuulize jaji alikuwa anatazama nini. Ukitaka kujua kama kuna harufu, usitazame aliyeshinda. Tazama jaji aliyekwenda mbali na wenzake.

Wizi upo, sikatai. Ukanda wetu wenyewe wa Afrika Mashariki una sehemu katika kisa maarufu kuliko vyote. Kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, kijana wa Kimarekani Roy Jones alimpiga Park Si-hun wa Korea Kusini raundi tatu nzima. Waliohesabu ngumi walipata 86 za Jones na 32 za Park. Majaji walikuwa watano. Wa Umoja wa Kisovieti na wa Hungary walimpa Jones, wa Morocco, wa Uruguay na wa Uganda, Bob Kasule, wakampa Park. Dhahabu ikaenda kwa mwenyeji. Uchunguzi wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki haukupata ushahidi wa rushwa, lakini Park mwenyewe hakuwahi kuifurahia ile medali, na mwaka 2023 alisafiri hadi nyumbani kwa Jones, Pensacola, Florida, akamkabidhi.

Wakenya wana kidonda kama hicho. Philip Waruinge wa Nakuru alishindwa nusu fainali ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na mwenyeji, Antonio Roldán, kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Akaambulia shaba, na bado akapewa Kombe la Val Barker, tuzo ya bondia mwenye ufundi kuliko wote wa michezo ile. Miaka minne baadaye, fainali ya Munich, akapoteza tena, tena kwa watatu dhidi ya wawili, mbele ya Boris Kuznetsov. Robert Wangila alipokwenda Seoul, palepale Jones alipoonewa, alimzimisha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili ya fainali na dhahabu ikaja Nairobi bila kupitia kalamu ya mtu.

Baada ya aibu ya Seoul walijaribu mashine. Kuanzia Barcelona mwaka 1992 majaji wa ngumi za ridhaa walipewa vitufe, na ngumi ilihesabiwa pale tu watatu kati ya watano wanapobonyeza ndani ya sekunde moja. Mabondia wakaanza kucheza kuridhisha vitufe, kugusagusa na kukimbia, na ngumi za mwili zikapotea kwa sababu hakuna kidole kilichoziwahi. Baada ya London 2012 mashine ikawekwa kando, wakahamia kwenye kumi kwa tisa ya ngumi za kulipwa.

Kwa hiyo binadamu mwenye kalamu ndiye tuliye naye, na njia ya kumbana ni kuwa na kalamu yetu. Pambano lijalo, zima sauti ya televisheni. Chora mistari kumi kwenye karatasi, hata ya kufungia samaki. Raundi ikiisha andika palepale, kabla marudio hayajaonyeshwa na kabla jirani hajafungua mdomo, na usirudi nyuma kusahihisha. Weka alama pembeni ya raundi uliyosita. Mwisho jumlisha. Kama raundi ulizosita ni nne na matokeo yamekwenda kinyume chako kwa pointi mbili, huna kesi. Kama ulisita moja tu na jaji kamwaga 98 kwa 92 upande wa pili, piga kelele, una haki. Na kama ulikuwa umeweka mkeka wa hela juu ya mmoja wao, karatasi yako siitaki mezani kabisa.

Kwa kanuni hiyo nililitazama tena lile la Uhuru, sauti imezimwa. Kwangu lilitoka 95 kwa 95, sawa na yule jaji wa sare, na sioni wizi katika kumpa Mwakinyo raundi moja zaidi wala katika kumpa Tinampay. Jirani yangu hajakubali. Nilimwomba karatasi yake, hana.

Lakini karatasi za mashabiki hazitoshi kama za majaji wenyewe hatuzioni. Ombi langu kwa Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa ni dogo. Kila pambano la kwenda pointi, mtangazaji asitusomee jumla tu. Karatasi zote tatu, raundi kwa raundi, zikiwa na jina la kila jaji, ziwekwe hadharani usiku uleule, na jaji anayeachana na wenzake kila mara aitwe aeleze. Kubandika karatasi tatu ukutani hakuhitaji mfadhili.