HISA: KILA MFANYAKAZI NA NJIA YAKE



Katika mkutano wa tawi letu la Jinja palitokea ubishi uliokaribia kuvunja urafiki. Ndugu mmoja wa kiwandani alinunua hisa za MTN Uganda zilipouzwa kwa wananchi mwaka 2021, kila moja kwa shilingi 200. Bei iliposhuka chini ya hapo hakuuza. Alipokea gawio lake, akangoja, na baadaye bei ikapanda. Mwenzake akamwita mjinga, kwani yeye hununua bei ikianguka na kuuza mara ipandapo.

Wiki iliyofuata nilikuwa Mbale, nikawasimulia wanachama habari hiyo. Mama mmoja achambuaye kahawa akasema, "Mimi hisa sizitaki. Fedha yangu iko katika chama cha kuweka na kukopa. Mtoto akiugua, naipata." Watu wakamcheka.

Ndugu zangu, hapana wa kuchekwa hapo. Hisa ni sehemu ya kampuni. Kampuni ikipata faida, wenye hisa huweza kugawiwa, na hilo ndilo gawio. Ikipata hasara, gawio hukosekana na bei ya hisa huanguka. Yule wa kungoja watoto wake wamekwisha kusoma, haitaki fedha ile upesi. Yule wa kuuza na kununua hufuata bei kila siku, na anajua kwamba dalali hutaka ada yake kila mara. Mama yule analea watoto peke yake. Kila mmoja amepima mzigo kwa bega lake.

Mimi mwenyewe nilikosa hapo. Rafiki yangu alipata faida, nami nikamwiga, nikanunua hisa kwa fedha ya karo. Shule zilipofunguliwa bei ilikuwa chini, nikauza kwa hasara. Rafiki hakunidanganya. Njia yake ilimfaa yeye, mimi haikunifaa.

Lakini kuheshimu njia ya mwenzako si kufumba macho. Tazameni kampuni ya Umeme, ambayo sisi wa Jinja tuliona nguzo zake kila siku. Hisa zake ziliuzwa kwa wananchi mwaka 2012 kwa shilingi 275. Mkataba wake wa kugawa umeme ulikuwa wa miaka 20 tangu 2005, ukaisha tarehe 31 Machi 2025, na kazi ikarudi kwa kampuni ya Serikali. Ugomvi wa fidia ukafuata. Aliyeijua tarehe ile alihesabu gawio na miaka iliyobaki. Asiyeijua alidhani amenunua ng'ombe wa kukamuliwa milele.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, jiulize mambo matatu. Fedha hii nitaihitaji lini? Ikipungua nusu, nyumbani tutakula? Kampuni hii hupata faida yake wapi, na mpaka lini? Ukishindwa kujibu, ngoja. Tena mpe fedha dalali mwenye leseni tu, wala usimpe mtu wa njiani aahidiye faida ya haraka.

Mwisho, hata mama yule wa Mbale hayuko mbali na hisa, ikiwa mwajiri wake anamkatia NSSF. Kila mwezi asilimia 5 ya mshahara wa mfanyakazi huenda huko, na mwajiri huongeza 10. Mfuko huo hununua dhamana za Serikali, majengo na hisa pia. Hata za Umeme ulikuwa nazo nyingi. Basi kila mmoja wetu aulize hesabu yake ya NSSF, aone kama mwajiri amepeleka fedha yote. Akikuta pengo, alete habari kwa katibu wa tawi.

Katika hisa tunaweza kwenda njia mbalimbali. Katika kudai haki hii, twende njia moja.

UMOJA NI NGUVU!