Kamera Mpya Nakuru: Uliza Waranti ni ya Nani

Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji Desemba 2021, biashara ya picha ilikuwa imeshaota mizizi huko. Harusi za wikendi, mahafali, watalii wa Ziwa Nakuru na Safari Rally ya Naivasha huwapa wapiga picha riziki. Baadhi ya kamera mpya wanazonunua hazikupitia kwa wakala aliyeidhinishwa kuziuza Kenya. Mfanyabiashara alizitoa Dubai, Hong Kong au Japani, akaziuza kwa bei ya chini. Hizi si feki, kwani zimetoka kiwanda kile kile. Zinachokosa ni waranti, maana kampuni nyingi huifunga kwenye eneo ambako kamera ilikusudiwa kuuzwa. Nikon ya Marekani imejulikana kwa kukataa kutengeneza kamera zilizoingia nje ya mkondo wake, hata mwenyewe akiwa tayari kulipa. Sioni kosa kununua kamera ya namna hiyo. Kosa ni kuinunua bila kujua, kwa bei isiyopunguzwa kulingana na hatari ambayo mnunuzi anajitwika.

Kujua kunawezekana, mradi ukaguzi ufanywe kabla pesa haijatumwa kwa M-Pesa. Jina lenyewe husema mengi: kamera ambayo soko letu huijua kama Canon EOS 250D huitwa Kiss X10 Japani na Rebel SL3 Marekani. Iwashe, ufungue menyu ya lugha, kwa kuwa Sony nyingi za soko la Japani zina Kijapani pekee. Chaja yenye pini mbili bapa, katika nchi ya soketi za pini tatu, nayo inatia shaka, ingawa haitoshi kuwa ushahidi: waya hubadilishwa dukani kwa pesa kidogo, na wakati mwingine betri halisi hutolewa ikawekwa nyingine. Ndiyo maana naipa uzito zaidi namba ya mfululizo. Geuza kamera, kwani nyingi zimeandikwa namba hiyo upande wa chini, uilinganishe na iliyo kwenye boksi na kwenye kadi ya waranti, kisha umuulize wakala rasmi kama anaitambua. Muuzaji asiyekubali uisome namba hiyo kabla ya kulipa si wa kufanya naye biashara.

Wapo watakaosema waranti rasmi haimsaidii mtu wa Nakuru, sembuse wa Molo, kwa kuwa kamera itapelekwa Nairobi, kilomita 160 hivi, na kazi za wikendi zitampita. Pingamizi hili lina nguvu, na lingeweza kwenda mbali zaidi: waranti hulipia kasoro za kiwandani, wala haigharimii kamera iliyoanguka au iliyojaa vumbi laini la fesh-fesh kwenye mbio za magari. Lakini ubao mkuu wa kamera ukifa wenyewe mwezi wa nne tangu inunuliwe, gharama ya kuubadilisha haikaribiani na nauli ya matatu kwenda na kurudi. Anayeanza kazi na hamudu bei ya wakala anaweza kuchukua kamera ya Dubai kwa hesabu nzuri, akiweka kando sehemu ya alichookoa kwa ajili ya fundi.

Hesabu hiyo haifanyiki pale muuzaji anapotoza karibu bei ya wakala huku akitamka tu kwamba "ina waranti ya mwaka". Waranti ya duka ni ahadi ya muuzaji, wala haimfungi mtengenezaji. Sheria ya Kenya ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, ila neno la mdomo ni gumu kuthibitisha. Risiti ya eTIMS, mfumo wa ankara za kodi, humtambulisha muuzaji kwa PIN yake ya Mamlaka ya Mapato (KRA), lakini haisemi kamera ilipitia kwa nani. Basi mnunuzi adai maandishi, yaliyopigwa mhuri wa duka: namba ya mfululizo, nani atatengeneza, wapi, kwa muda gani, na nani atalipia vipuri.